Naomba ushauri: nataka kujitengenezea chujio la mwani kwa tangi la matumbawe la lita 300, niko Malindi

BintiWaNahodha (Malindi), Jumamosi, saa 3 usiku

Assalamu alaikum wapenzi wa bahari. Nina shida na tangi na naomba mnivumilie, nitaeleza kirefu kidogo.

Baba yangu ameendesha boti ya kioo kupeleka wageni hifadhini kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka juzi akashikwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, na bahari kwake ikaishia pale. Jirani mmoja wa Casuarina alipokuwa anarudi kwao Italia akatuachia tangi lake zima: kioo cha sentimita 120 kwa 50 kwa 50, pampu, taa, kabati lenye tangi dogo la chini, na matumbawe laini aliyoyanunua kwa muuzaji mwenye leseni, karatasi zake ninazo. Tumeliweka mkabala na kitanda cha baba. Akiamka hulitazama kwanza, chai baadaye.

Sasa mwani unatushinda. Tangu Januari mawe yote yamevaa nywele za kijani, ndefu kama kidole, na mchanga umefunikwa na utando wa kahawia. Nikiufuta leo, keshokutwa umerudi. Matumbawe mawili yamejikunyata, wiki ya tatu hii hayajafunguka. Nimepima mbolea zinazolisha mwani majini: nitreti 40, fosfeti 0.5, zote kwa miligramu kwa lita. Kila wiki nabadilisha lita 60, nachota mwenyewe asubuhi kwa madumu matatu, ufuoni karibu na gati la mjini. Samaki ni wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kangaja mmoja mdogo, na kamba wawili wa kusafisha samaki. Nawalisha asubuhi na jioni.

Nimesoma habari za chujio la mwani: maji yanateremka juu ya wavu unaomulikwa, mwani unaota kwenye wavu badala ya kwenye mawe. La dukani, bei pamoja na usafiri hadi huku, siliwezi. Nataka kutengeneza langu. Wavu uwe na ukubwa gani, na ni wavu gani nitakaoupata madukani huku? Taa gani? Na stima ikipotea itakuwaje?

Mzee Jahazi (Mombasa), Jumamosi, saa 4 usiku

Waalaikum salaam, binti yangu. Mola ampe baba shifaa.

Kabla ya paipu na wavu, niambie unawalisha nini na kiasi gani. Samaki watatu na kamba wawili katika lita 300 si wengi. Kamba wa kukatakata waliogandishwa ukiwatia pamoja na maji yao ya kuyeyukia, umetia fosfeti kwa kijiko. Waweke kwenye kichujio cha chai, wasuuze, ndipo uwatie. Mimi ningepunguza chakula mwezi mmoja nione, kabla sijatoboa chochote.

Kangaja_Tanga, Jumapili, saa 1 asubuhi

Dada, mimi ninalo chujio hilo mwaka wa pili sasa, nimelitengeneza mwenyewe. Mzee Jahazi amesema kweli kuhusu chakula, na chakula ndicho kinachoamua ukubwa wa wavu. Wengi hupima kwa lita za tangi wakakosea, kwa sababu tangi kubwa lenye samaki wawili halina uchafu wa tangi dogo lenye samaki kumi. Kipimo ninachofuata ni hiki: kila gramu 3 hivi za chakula kikavu cha punje kwa siku, wavu wa sentimita za mraba 75 unaomulikwa pande zote mbili. Ukimulika upande mmoja tu, zidisha mara mbili. Chakula cha maji kama kamba kina maji mengi ndani, kwa hiyo usikihesabu gramu kwa gramu. Na usijenge kubwa kuliko unavyohitaji ukidhani ndiyo salama. Wavu mkubwa usio na chakula cha kutosha huota utando mwembamba usiokwanguka.

Maji nayo yana kipimo. Kila sentimita moja ya upana wa wavu itake kama lita 50 kwa saa. Wavu wa upana wa sentimita 15 utataka karibu lita 800 kwa saa. Usisome maandishi ya pampu ukayaamini, pampu ikipandisha maji juu hupoteza nguvu. Weka ndoo ya lita 20 chini ya paipu, shika saa: ikijaa kwa sekunde 90, hapo ndipo.

Wavu tafuta ule mgumu wa plastiki, matundu ya milimita 3 au 4. Ukikosa, kata ubavu wa tenga la plastiki ulio bapa. Wavu wa mbu wa dirishani usijaribu, ni laini, mwani ukinenepa unajikunja na maji yanaruka nje. Halafu ukwaruze kwelikweli, pande zote mbili, kwa msumeno na msasa mkali, mpaka ukiupitishia leso ishike na isiteleze. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Mwani hauna mizizi kama mchicha, unataka mahali pa kushikilia.

FundiMaweni (Malindi), Jumapili, saa 5 asubuhi

Mimi ni fundi wa bomba, tangi sina, lakini paipu nazijua. Chukua PVC ya robo tatu ya inchi, ziba mwisho mmoja kwa kifuniko. Piga mstari kwa kalamu na rula mahali utakapokata mfereji wa kutolea maji, la sivyo utapinda. Ukate urefu sawa na upana wa wavu, na usizidi hata kidogo. Upana wa mfereji ni milimita 3. Njia rahisi: funga pamoja nyembe mbili za msumeno wa chuma kwa utepe, ukate nazo kwa pamoja. Grinda inakata haraka lakini inayeyusha plastiki, unabaki na kingo za mabonge na maji yanatoka mkono mmoja mengi, mkono wa pili hayatoki. Ukimaliza pitisha msasa ndani ya mfereji.

Chomeka ukingo wa juu wa wavu ndani ya mfereji, uufunge kwa mshipi wa kuvulia. Waya usitumie. Na usigandishe paipu zote kwa gundi, acha kiungo kimoja cha kuchomoa kwa mkono, maana utakuwa unausafisha wavu huo kila wiki.

Kangaja_Tanga, Jumapili, saa 6 mchana

Fundi, hapo kwenye waya nakuunga mkono na naongeza: wala koki ya shaba isiguse maji hayo. Shaba kidogo tu yaua kamba na konokono, na matumbawe yanafuata.

MwambaWaWatamu, Jumapili, saa 10 jioni

Dada, chujio jenga, nitakueleza kwa nini lafanya kazi. Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita na kwangu ndilo kubwa: unachota maji karibu na gati, na mwani umeanza Januari.

Baba atakuambia vizuri kuliko mimi rangi ya ghuba ya Malindi wakati wa kaskazi. Mto Sabaki, ambao huko juu waitwa Athi na kisha Galana, hushuka na udongo wa mashamba kutoka bara na kuumwaga kaskazini ya mji. Kusi ikivuma, tope hilo husukumwa kaskazini kwenda zake ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, lasukumwa kusini, laingia ghubani, ndipo maji yanapokuwa rangi ya chai ya maziwa. Udongo ule umebeba fosfeti, na umebeba silika, ambayo ndiyo chakula cha ule utando wa kahawia mchangani kwako. Kwa hiyo kila wiki waondoa lita 60 za maji machafu na kutia lita 60 zenye mbolea. Pima maji ya dumu kabla hujayatia. Usiniamini mimi, amini kipimo.

Sasa chujio lenyewe. Ukienda mwambani maji yakiwa yamepwa wakati wa bamvua, yanapopwa na kujaa kupita kawaida, utaona jiwe lina zulia fupi la mwani, fupi kama nywele za mtoto. Zulia lile hukua kwa kasi kuliko karibu kila kitu kingine pale, kwa sababu mawimbi yalipiga siku nzima na jua lalichoma. Halirefuki kwa sababu samaki kama tafi, pono na kangaja wanalikata mchana kutwa. Tangini kwako kuna kangaja mmoja tu, mdogo, na akila anakunya mlemle, kwa hiyo hakuna kilichotoka. Chujio ni jiwe hilo limehamishiwa pembeni, na kadi ya plastiki utakayoukwangulia wavu ndiyo mdomo wa pono, ila wewe unachokikata wakitoa nje ya maji kabisa. Aliyeyasomea haya zamani ni Mmarekani Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian kule Washington, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye alitumia ndoo inayopinduka yenyewe kumwaga maji juu ya wavu, kuiga wimbi. Maporomoko ya paipu yalikuja baadaye, na kwa nyumbani ni rahisi zaidi.

Taa: balbu za LED nyekundu za kuoteshea mimea ndizo bora. Ukikosa, LED nyeupe ya joto, ile yenye mwanga wa manjano, nayo yafanya. Wati 10 hadi 15 kila upande, sentimita 10 kutoka kwenye wavu. Ziba mwanga usimulike tangi, usije ukaotesha mwani uleule unaoukimbia. Washa usiku, wakati taa za tangi zimezimwa. Usiku viumbe vinapumua na maji yanaelekea kuwa na asidi, na mwani wa wavuni ukifanya kazi saa hizo wayashikilia yasishuke sana.

Kangaja_Tanga, Jumapili, saa 11 jioni

Na taa za wavu ziwake saa 18 kwa siku tangu siku ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo.

MwambaWaWatamu, Jumapili, saa 11 na nusu

Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Wavu mpya hauna kitu, mwanga mwingi huotesha utando wa manjano unaonata kama mpira na kuzuia wa kijani. Aanze na saa 9 au 10, wiki ya tatu apandishe. Hizo 18 ziwe kikomo.

MwanaAmu (Lamu), Jumatatu, saa 2 usiku

Salamu kutoka Shela ya Lamu. La stima nijibu mimi, maana maji yangu yaja kwa punda kutoka ufuoni na stima yangu ni ya jua, kwa hiyo nimelipia kila kosa.

Ikizimika, maji yote yaliyo kwenye paipu na juu ya wavu yarudi tangi la chini. Jaza tangi hilo siku ya kwanza, kisha chomoa kila kitu makusudi, uone yatapanda hadi wapi. Tia alama ya kalamu. Usijaze tena juu ya kiwango ulichoanzia. Wavu wenyewe wastahimili masaa kadhaa ukiwa na unyevu na giza. Kitakachoua ni kukosa hewa tangini, si wavu. Nunua kipampu cha hewa cha betri, kikae hapohapo kabatini, na betri za akiba.

Waya za taa ziache zilegee chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji likishuka lidondoke sakafuni lisiingie. Kama fundi wa stima anaweza kukuwekea swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, weka. Una mzee asiyeweza kukimbia chumba kile.

Na jambo jingine, maji yanayoporomoka hukauka kwa haraka. Yanayopotea ni maji, chumvi yabaki. Ongeza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyosafishwa kila siku, si ya kisima chetu cha pwani wala si ya bahari.

BintiWaNahodha, Jumatano, saa 3 usiku

Nimesoma kila neno, na baba nimemsomea. Nilipofika pale pa Sabaki akainua mkono wa kushoto: "Mwambie ni kweli. Kaskazi hatukupeleka mgeni ghubani, tulikuwa tunapita kusini."

Nimepima dumu. Fosfeti 0.2 kabla hata sijayatia. Miezi yote hiyo nilikuwa nabeba tatizo kwa mikono yangu nikiamini nasafisha.

Mzee Jahazi, nimepima chakula kwa mizani ya dukani: punje gramu 4 kwa siku na kamba juu yake, maji yake nikiyamimina humohumo. Naanza kusuuza leo, na kamba itakuwa mara mbili kwa wiki. Kangaja_Tanga, wavu nimepanga upana sentimita 15, urefu 10 ndani ya mwanga. Ni sawa?

Kangaja_Tanga, Jumatano, saa 4 usiku

Sawa kabisa. Ongeza sentimita 2 za kuzama chini majini, maji yashuke kimya yasitapakae.

BintiWaNahodha, wiki mbili baadaye

Limewaka. FundiMaweni alikuja mwenyewe na nyembe zake mbili, hakutaka hela, alikunywa chai na baba. Ndoo ilijaa kwa sekunde 110, tukabadilisha kiwiko kilichobana, ikawa 92.

Kosa langu: upande mmoja wa wavu sikuukwaruza vya kutosha, nilichoka. Siku ya nane ule upande mzuri ulikuwa na utando wa kahawia na ndani yake nukta za kijani. Upande wa pili utando ulibanduka mzima kama ngozi ya maziwa, ukaelea tangini. Nimeutoa wavu, nimeukwaruza upya hadi vidole vikauma. Nimeusugua pia kwa mwani wa kwenye kioo ili mbegu iwepo.

Maji sasa tunachota Mayungu, kusini ya mji, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, kijana wa tuktuk ananisaidia madumu. Nayaacha usiku kucha yatulie, namimina ya juu tu. Nimeyapima: fosfeti haikuonyesha rangi yoyote.

MwambaWaWatamu, siku hiyohiyo

Vizuri sana. Utando wa kahawia mwanzoni usikutie hofu. Ukiona mweusi mzito kama lami, uchafu bado ni mwingi, punguza chakula, ongeza mwanga. Ukisafisha, toa wavu nje, kwangua kwa kadi ya plastiki, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana hayo huwaua wadudu wadogo wanaokula mwani huo kutoka ndani. Kwa mara mbili tatu za kwanza acha ubaki utando mwembamba wa kuotea.

Na uwe tayari kwa hili: mawe yako yamenywa fosfeti kwa miezi, yatairudisha majini pole pole. Kipimo kitashuka, kisimame, huenda kikapanda kidogo. Usikate tamaa hapo, wala usiongeze wavu wa pili. Matumbawe hayapendi kuporomoshewa kila kitu kwa ghafla.

BintiWaNahodha, wiki ya sita

Kijani pande zote. Kila Ijumaa baada ya swala nakwangua mwani wa ujazo wa ngumi moja, una harufu ya mwamba maji yakipwa. Nitreti 20. Fosfeti ilishuka 0.2, ikapanda 0.3, nikakumbuka maneno ya Mwamba, nikatulia.

Joto liliniogopesha mwezi uliopita, lilifika nyuzi 30. Baba hakulala siku hiyo. Aliona mwaka 1998 matumbawe ya hifadhini yakigeuka meupe, na hata leo akisimulia hutaja sehemu moja moja kwa jina. Tumeweka feni juu ya tangi, likashuka hadi 28. Maji yanakauka zaidi, karibu lita 5 kwa siku, naongeza asubuhi na jioni kama alivyosema MwanaAmu.

Mzee Jahazi, wiki ya sita

Taa za tangi zipunguze kwa muda wa saa mbili mchana wa joto. Na umwambie baba nami naikumbuka 1998.

BintiWaNahodha, wiki ya 11

Nitreti 8, fosfeti 0.08. Nywele za mawe zilianza kupauka, kisha zikawa zinang'oka zenyewe nikizigusa. Kangaja amezimaliza upande wa kulia wote. Stima ilipotea kwa muda wa saa saba Jumanne, kipampu cha betri kilifanya kazi, maji ya tangi la chini yalipanda hadi kwenye alama yangu ya kalamu na hayakupita.

Tumbawe moja halikupona, nimelitoa. La pili, lile la kama kiganja, lilifunguka Jumapili alfajiri. Mimi nilikuwa jikoni. Baba aliniita kwa jina langu lote, jambo ambalo ulimi wake ulikuwa haujaliweza tangu augue. Nikakimbia nikidhani amepatwa na jambo. Alikuwa anaonyesha kioo.

Swali dogo limebaki. Huu mwani ninaoukwangua kila wiki, nimlishe kangaja au niutupe?

Kangaja_Tanga, wiki ya 11

Alhamdulillah. Kipande kidogo mpe, anakipenda. Mwingine usiurudishe, utakuwa umerudisha uliyoyatoa. Usuuze chumvi kwa maji mengi, uutie kwenye bustani ya mboga.

BintiWaNahodha, wiki ya 11

Umeshakwenda shinani mwa mpapai wa nje ya dirisha la baba.